Mafuta si Kitu Bila Kifuniko

Kila habari ya mafuta ya Turkana inaporudi magazetini, swali lilelile huzunguka Kisumu, kuanzia Kondele hadi Dunga: na sisi je? Kwani huku kwetu hakuna? Wasee wengine wana jibu tayari. Ati chini ya ziwa kuna mafuta kibao, ati wazungu walishayaona wakanyamaza, ati nunua ploti Nyakach sasa na wajukuu wako watakushukuru.

Mimi naona swali lenyewe linaanzia katikati. Kabla ya kuuliza kama kuna mafuta, uliza kama kuna kifuniko. Mafuta yakikosa kifuniko huondoka, na ardhi iliyoachwa na mafuta haina tofauti na ardhi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Kijana anayejua jambo hili si rahisi kudanganywa na mwanasiasa, na broka wa ploti naye atatoka jasho.

Tuanze na picha iliyo vichwani mwetu. Wengi tunadhani chini ya ardhi kuna pango kubwa lililojaa mafuta meusi, kama tangi la petroli pale kituoni, na kampuni inashusha mrija tu na kunyonya. Hakuna pango. Mafuta hukaa ndani ya jiwe. Chukua mchanga wa mto, uubane kwa mamilioni ya miaka hadi ugeuke jiwe. Kati ya punje na punje hubaki nafasi ndogo sana. Nafasi hizo kwanza hujaa maji, karibu kila mahali duniani. Mafuta huja baadaye kama mgeni, akitafuta pa kupita.

Yanatoka wapi? Yanatoka kwenye matope. Ziwa la kale hukusanya mwani na viumbe vidogo vilivyokufa, vinazama, matope yanavifunika. Yakizikwa kina cha kilomita mbili, tatu au nne, joto linapanda kupita nyuzi 60 au 100 hivi, na mabaki hayo yanapikwa polepole hadi yawe mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukikaanga omena halafu umwage maji kwenye sufuria ikishapoa, unajua nani atakuwa juu. Chini ya ardhi ni hivyo hivyo: tone la mafuta likishatoka kwenye matope yaliyolipika, huanza kupanda, nafasi hadi nafasi, likitafuta juu.

Lisipozuiwa litafika juu kabisa. Litatokea kando ya mto au ufukweni, bakteria watalila, jua litalikausha, na hadithi itaishia hapo. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyowahi kutengenezwa duniani ilipotea kwa njia hiyo. Yale machache tunayopigania leo ni yale yaliyokutana na dari njiani.

Na dari hiyo ndiyo inayonishangaza, maana si chuma wala zege. Mara nyingi ni matope tena, matope mengine yaliyoganda na kuwa jiwe. Ukilipima jiwe hilo utakuta lina matundu, na maji yanaweza kupita humo, ingawa polepole mno. Sasa jiwe lenye matundu linazuiaje mafuta kwa mamilioni ya miaka?

Jibu unaweza kulipata jikoni. Chukua kitambaa safi cha pamba, kikunje mara nne, kiloweshe maji, kisha kifunge juu ya glasi. Mimina maji kidogo: yanapita. Sasa mimina kijiko cha mafuta ya kupikia, taratibu. Yatakaa juu ya kitambaa yakikuangalia. Chukua kitambaa kingine kama hicho, kikavu, umimine mafuta: kinayanywa. Kitambaa ni kilekile, matundu ni yaleyale. Tofauti ni kwamba kile cha kwanza maji yalishakaa ndani, na maji hayataki kumpisha mgeni.

Nguvu hiyo inaitwa nguvu ya kapilari. Ndiyo inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi na kufanya tishu inywe chai iliyomwagika mezani. Kimiminika kinachopenda ukuta wa tundu hung'ang'ania humo, na kadiri tundu lilivyo dogo ndivyo kinavyong'ang'ania zaidi. Mawe mengi hupenda maji kuliko mafuta. Kwa hiyo tone la mafuta likitaka kuingia kwenye tundu lililojaa maji, lazima lijikunje liwe dogo na kuyasukuma maji nje. Kujikunja huko kunahitaji msukumo, na msukumo ukipungua hata kidogo, tone halipiti.

Hesabu yake ni fupi. Sikumaliza chuo, na nimeifanya kwa simu, kwa hiyo hata wewe utaiweza. Msukumo unaohitajika ni mara mbili ya mvutano kati ya maji na mafuta, ugawanye kwa nusu-kipenyo cha tundu. Chukua mvutano wa nyutoni 0.03 kwa mita, kiwango cha kawaida. Jiwe la mchanga lenye matundu ya nusu-kipenyo cha mikroni 10 linadai paskali 6,000. Jiwe la matope lenye matundu ya mikroni 0.1, yaani tundu dogo kuliko unywele kwa mamia ya mara, linadai paskali 600,000. Hiyo ni kama mara tatu ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo.

Mafuta nayo yanasukuma kwa nguvu gani? Wepesi wao tu. Mafuta yakiwa mepesi kuliko maji kwa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, kila mita moja ya kimo cha mafuta yaliyokusanyika chini ya dari huongeza takriban paskali 2,000. Gawanya sasa. Dari ya jiwe la mchanga itashikilia mafuta ya kimo cha mita 3, halafu basi, yanapenya. Dari ya jiwe la matope itashikilia mita 300. Ghorofa mia moja za mafuta zimezuiwa na maji yaliyojificha kwenye matundu yasiyoonekana kwa macho.

Mambo mawili yanatokana na hesabu hiyo, na yote mawili yanatuhusu.

La kwanza, kila kifuniko kina kikomo. Mafuta yakizidi kimo ambacho dari inaweza, yanaanza kuvuja, na dari hubaki na kile inachoweza kubeba. Ukubwa wa hazina basi hautegemei tu mafuta mangapi yalipikwa chini. Unategemea pia tundu la dari lina upana gani. Ndiyo maana mtu akikwambia eneo fulani lina mabilioni ya mapipa kabla hata kisima kimoja hakijachimbwa, anakuuzia upepo. Hajalipima lile jiwe.

La pili, kifuniko kinaweza kuwa kizuri kila mahali isipokuwa mahali pamoja, na pamoja panatosha. Ufa mmoja uliokaa wazi unashinda matundu bilioni yaliyofungwa. Sisi hapa tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Jina lenyewe linakwambia.

Tazama majirani zetu Uganda. Mafuta yalikuwa yakichuruzika yenyewe kwenye ufuko wa Ziwa Albert tangu zamani, na wenyeji waliyajua kabla ya mwanajiolojia yeyote. Miaka ya 1920 E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya kikoloni aliyaandika. Mwaka 1938 kisima cha Waki kikachimbwa. Lakini ugunduzi wa kibiashara ulikuja 2006, karibu miaka sabini baadaye. Kuchuruzika kule kulikuwa habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema kwa sababu kulithibitisha kwamba matope ya ziwa la kale yalipika mafuta. Mbaya kwa sababu kuliwaambia watafiti kwamba mahali pale kifuniko kinavuja. Kazi ilikuwa kutafuta mahali ambapo hakivuji. Leo Uganda husema ina mapipa bilioni 6.5 chini, na kati ya hayo yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Na unajua sababu mojawapo ya mengine kubaki chini? Ni kapilari ileile. Matone yakikatika na kuzungukwa na maji ndani ya jiwe, yanakwama. Nguvu iliyotuwekea mafuta hukataa na sehemu yake.

Turkana nako. Shell walichimba kisima cha Loperot mwaka 1992, wakaona dalili za mafuta, wakaondoka. Miaka ishirini ikapita. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akatangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 kimepata mafuta, na nchi nzima ikasherehekea. Ngamia-1 na Loperot ziko kwenye beseni lilelile la Lokichar, juu ya matope ya ziwa lilelile la kale. Kilichobadilika ni mahali pa kutoboa: safari hii walilenga kando ya ufa mkuu wa magharibi, ambako tabaka za mchanga na matope zimejikunja na kupangana kiasi cha kunasa mafuta. Halafu walipohamia mabeseni mengine ya jirani wakitumaini bahati ileile, kama kisima cha Cheptuket kule Kerio mwaka 2016, walikuta dalili za mafuta lakini si hazina ya kuuza. Dalili ziko sehemu nyingi za bonde hili. Mafuta yaliyokaa pamoja, mengi, yakisubiri, ni nadra.

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu kuna tawi la Bonde la Ufa linalokata kuelekea magharibi, kupitia tambarare za Kano hadi Ghuba ya Winam. Wanajiolojia huliita Ufa wa Nyanza. Si uvumi kwamba watafiti walikuja: eneo hili liliwekwa kwenye ramani ya serikali kama Bloku 12B, na kampuni za Swala na Tullow zilishika kibali na kupima mitetemo ya ardhi miaka ya 2010. Kwa hiyo waliosema magari ya utafiti yalipita hawakudanganya. Waliodanganya ni wale walioongeza kwamba magari hayo yalipata mafuta. Mitetemo hukuonyesha umbo la tabaka, kama kivuli cha mtu nyuma ya pazia. Haikwambii kama mfukoni ana pesa. Hakuna kisima kilichotoa mafuta huku.

Na kuhusu ile stori kwamba ziwa lenyewe ndilo lililofunika mafuta: Ziwa Victoria ni pana sana lakini ni la kina kifupi, kama mita 80 pale penye kina kirefu zaidi. Liliwahi hata kukauka, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Matope yake ni machanga, laini, hayajazikwa wala kupashwa joto. Hayawezi kupika mafuta, na hayana ubavu wa kuyafunika. Kama kuna kifuniko chochote huku, ni cha maziwa ya kale zaidi yaliyozikwa ndani ya ufa, na humo volkano za zamani kama Tinderet na Mlima Homa zilipita na moto wake. Labda kifuniko kilipona, labda kilipasuka. Jibu la kweli liko kwenye sampuli za mawe. Kwenye jukwaa la kampeni utapata makofi tu.

Kwa nini basi kijana wa Kisumu anayetafuta kibarua ajisumbue na matundu ya mikroni? Kwa sababu ahadi za mafuta zina bei, na anayelipa ni sisi. Mtu huahirisha maisha akisubiri utajiri wa chini. Anaacha kulima mpunga Ahero kwa kuwa ati kampuni itakuja kununua shamba. Mwingine anachukua mkopo anunue ploti ya uvumi. Hata pale ambapo kifuniko kilithibitishwa, subira imekuwa ndefu. Mafuta ya kwanza ya Turkana yalisafirishwa kutoka Mombasa Agosti 2019, mapipa kama 200,000 yaliyobebwa kwa malori, na baada ya hapo mambo yakapoa. Mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo yanahitaji bomba la kupashwa joto. Mwaka 2025 Tullow ikakubali kuiuzia Gulf Energy mradi wake wa Kenya. Tangu tangazo la Kibaki, mtoto aliyezaliwa siku ile ameshafika umri wa sekondari.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii. Mtu akikuletea habari ya mafuta, muulize maswali matatu. Dari ni jiwe gani? Nani alilipima? Ufa wa karibu uko umbali gani? Akianza kukasirika, omera, shika pesa zako vizuri.

Lakini kuna upande wa pili wa kifuniko, na huu ndio unaoninyima raha zaidi kuliko mabroka. Kila kisima ni tundu. Dari ambayo asili iliitunza kwa mamilioni ya miaka, sisi tunaitoboa kwa wiki chache. Baada ya hapo kapilari haikusaidii tena kwenye lile tundu. Kazi ya kuzuia inachukuliwa na bomba la chuma na saruji, vitu ambavyo umri wake ni wa kibinadamu: chuma hushika kutu, saruji hupata nyufa. Lokichar pekee pana visima zaidi ya 30 vilivyokwisha kutobolewa. Kule Ziwa Albert, visima vya Kingfisher vinavyoendeshwa na kampuni ya Kichina ya CNOOC huanzia ufukweni na kupinda kuingia chini ya ziwa, mbele ya watu ambao riziki yao ni samaki.

Sasa fikiria jambo hilo huku kwetu. Ghuba ya Winam tayari ina shida zake, magugu na maji taka, na bado ndiyo inayotupa omena, ngege na maji ya kunywa. Kama siku moja kampuni itakuja na kusema imepata kifuniko kizuri chini ya Kano au chini ya ghuba, swali langu la kwanza halitakuwa tutapata asilimia ngapi. Sheria ya Mafuta ya 2019 ilishasema: asilimia 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya eneo. Swali langu litakuwa nani atawajibika kuliziba lile tundu baada ya mafuta kuisha, na kampuni ikishauza mradi kwa kampuni nyingine na ile nyingine ikauza tena, jina la nani litabaki kwenye saruji. Pesa za kuziba zinapaswa kuwekwa kando kabla ya kutoboa. Ukingoja hadi mwisho, mwenye mradi atakuwa ameshapanda ndege.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wataalamu, kijana wa mtaani anayapeleka wapi. Nakataa. Aliyefunga kitambaa juu ya glasi ameelewa jambo lenyewe. Kilichobaki ni kupewa takwimu, na hapo ndipo tunapaswa kubana. Vipimo vya mitetemo vilifanywa kwenye ardhi yetu, malori yakapita kwenye mashamba yetu. Serikali itoe muhtasari kwa lugha tunayosoma: walipima wapi, waliona tabaka gani, kwa nini waliondoka. Wizara ikikaa kimya, mabroka watajaza pengo, na wao hawaogopi kuongea.

Mimi sipingi mafuta. Kama yapo, na kifuniko kimeyatunza, na hesabu za kuziba ziko wazi, tuongee. Ila nimechoka kusikia tunaitwa watu tunaokalia utajiri. Tunachokalia kwa uhakika ni jiwe la kale lililolowa maji, ambalo huenda limeshika kitu au halijashika chochote. Na kama limeshika, basi limelilinda ziwa hili kwa muda mrefu kuliko sheria yoyote tuliyowahi kuandika. Anayetaka kulitoboa aje kwanza atueleze, kwa Kiswahili au kwa Dholuo, atalifunikaje tena.